Makufuli Mawili, Mshika Funguo Mmoja

Simama Mnazi Mmoja saa kumi na moja jioni, Mtaa wa Lumumba ukiwa mgongoni na bandari ikiwa mbele. Nyuma yako Kariakoo inamwaga watu kuelekea vituo vya daladala na mwendokasi: wachuuzi, wasukuma mikokoteni, akina mama wenye viroba vya vitenge wanaowahi basi la mkoani. Sensa ya 2022 iliwahesabu wakazi 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Mbele yako, mwendo wa miguu tu, kuna gati la boti ambazo kwa saa mbili hivi zinakushusha Zanzibar, ambako sensa hiyohiyo ilikuta watu 1,889,773.

Hao wachache wana Rais wao, Baraza lao la Wawakilishi, Mahakama Kuu yao na bendera yao. Katika uchaguzi wa 2020 Zanzibar ilikuwa na majimbo 50 kati ya 264 ya Bunge la Muungano. Dar es Salaam, yenye watu karibu mara tatu ya visiwa vyote, ilikuwa na majimbo 10. Mkuu wa mkoa wake huteuliwa, na mwaka 2021 Halmashauri ya Jiji lake ilivunjwa bila mkazi hata mmoja kuulizwa kwa kura.

Mchuuzi wa Mtaa wa Kongo akiwekewa tarakimu hizi mezani atauliza swali ambalo wanafalsafa wameliandikia vitabu: kwa haki gani wachache wapewe zaidi ya wengi? Jirani yake mwenye asili ya Pemba atamrudishia: na kwa haki gani wengi wawaamulie wachache kila kitu, eti kwa sababu wamezaana zaidi?

Wote wawili wana hoja. Makala hii inapima hoja zao kwa historia yetu wenyewe, na ninaweka msimamo wangu wazi mapema. Mipaka juu ya utawala wa wengi ni halali, na mara nyingine ni ya lazima. Lakini Tanzania imekuwa hodari wa kuandika mipaka kuliko kugawa uwezo wa kuilinda. Tumetundika makufuli mengi mlangoni, kisha funguo zote tukazitia kwenye mfuko mmoja.

Wengi wape, lakini wape nini?

Wahenga walisema wengi wape, na wengine huongeza kwamba usipowapa watachukua wenyewe. Methali hiyo imebeba busara na kitisho kwa pamoja. Busara ni kwamba mtu mmoja ana kura moja, na hakuna sababu ya kura ya huyu kuwa nzito kuliko ya yule. Ukiruhusu watatu wawashinde tisini na saba, umerudisha ufalme kwa mlango wa nyuma. Kitisho ni kwamba wengi wakinyimwa kilicho chao, hakuna karatasi itakayowazuia.

Hata hivyo methali haisemi wengi wape vyote, na mambo matatu yanaifupisha kamba yao. La kwanza, wengi wa leo si lazima wawe wengi wa kesho. Kura ya leo haiwezi kuhalalisha kuondoa masharti yanayowezesha kura ya kesho: uhuru wa kusema, wa kukutana, wa kuanzisha chama. Aliyeshinda hawezi kuondoka na ngazi aliyopandia. La pili, kuna wachache wa msimu na wachache wa kudumu. Chama kilichoshindwa kinaweza kushawishi watu na kushinda miaka mitano ijayo. Mzanzibari hawezi kumshawishi mtu yeyote mpaka visiwa viwe na watu wengi kuliko bara. Atashindwa leo, kesho na mtondogoo, hata akiwa na hoja nzuri namna gani. La tatu, wapo waliojiunga kwa mkataba. Wabia wawili wakifungua duka, yule mwenye ukoo mkubwa hawezi kuita wajomba zake wote kupiga kura kwamba duka lote sasa ni lake.

Upande wa pili una ushahidi mzito pia, maana ulinzi wa wachache umetumika mara nyingi kulinda upendeleo. Marekani, John C. Calhoun wa South Carolina alijenga nadharia nzito kwamba uamuzi wa wengi pekee hautoshi, lazima kila upande wenye maslahi makubwa uridhie. Kwenye karatasi inapendeza. Katika maisha, maslahi aliyoyalinda yalikuwa utumwa, na karne moja baadaye haki za majimbo zilikuwa ngao ya waliozuia watoto weusi kuingia shule za wazungu. Jimbo lilikuwa huru dhidi ya Washington, na ndani ya jimbo kulikuwa na watu wasio huru hata kidogo.

Hapa kwetu hatuhitaji kwenda mbali. Uchaguzi wa 1958 na 1959 wa Tanganyika ulimtaka kila mpiga kura achague watu watatu: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Jamii ndogo mbili zikapata viti sawa na jamii iliyokuwa karibu nchi nzima, na hilo likaitwa ulinzi wa wachache. Chama cha TANU kilikubali kuingia katika uchaguzi huo baada ya mkutano wake wa Tabora wa Januari 1958, kikaita hatua hiyo uamuzi wa busara, na kikautumia mpango huo kuumaliza. Zanzibar mambo yalikwenda vibaya zaidi. Julai 1963 chama cha ASP kilipata zaidi ya nusu ya kura zote, lakini mipaka ya majimbo ikakipa viti 13 kati ya 31. Vyama washirika vya ZNP na ZPPP vikaunda serikali, ikakabidhiwa uhuru tarehe 10 Desemba, na ikapinduliwa tarehe 12 Januari 1964. Mapinduzi yale yalikuwa na sababu nyingi, ila hiyo ya wengi walionyimwa haiwezi kufutwa kwenye orodha.

Kipimo kinachobaki ni hiki: je, mpaka uliowekwa unamzuia mkubwa asimmeze mdogo, au unampa mwenye nafasi kiti cha milele?

Mkataba wa mkubwa na mdogo

Julius Nyerere na Abeid Amani Karume walitia saini Hati za Muungano tarehe 22 Aprili 1964. Siku chache baadaye udongo wa nchi mbili ulichanganywa hapa Dar es Salaam. Mambo yaliyowekwa chini ya Muungano yalikuwa 11. Mengine yote, kwa upande wa Zanzibar, yalibaki Zanzibar. Tanganyika haikubaki na serikali yake, mambo yake yakashikwa na Serikali ya Muungano. Ndiyo maana muundo wetu hauna pacha kamili duniani: mdogo ana nyumba yake na chumba ndani ya nyumba ya pamoja, mkubwa anaishi katika nyumba ya pamoja kana kwamba ni yake.

Malalamiko ya pande zote mbili yamezaliwa humo. Mzanzibari anaona orodha ya mambo ya Muungano ikiongezeka kutoka 11 hadi 22, na kila nyongeza ni kipande cha mamlaka kilichovuka bahari. Mtanganyika anauliza mbona Mzanzibari anapiga kura bungeni kuhusu shule za Temeke, na yeye hana sauti kuhusu shule za Chake Chake. Hasira zote mbili zina msingi, na haziwezi kutibiwa kwa hesabu ya vichwa pekee.

Kariakoo wabia wawili wa stoo moja ambao hawaaminiani sana wana dawa fupi: kila mmoja anatundika kufuli lake. Hakuna anayeingia peke yake. Katiba ya 1977 imefanya vivyo hivyo katika Ibara ya 98. Sehemu kubwa ya Katiba inabadilishwa kwa kura za theluthi mbili ya wabunge wote. Yapo mambo, hata hivyo, yanayohitaji theluthi mbili ya wabunge wa Tanzania Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar, kila upande ukihesabiwa peke yake. Miongoni mwake ni kuwapo kwa Jamhuri ya Muungano, madaraka ya Serikali ya Zanzibar, Mahakama Kuu ya Zanzibar, orodha ya mambo ya Muungano na idadi ya wabunge kutoka Zanzibar.

Katiba hiyohiyo inatambua Mahakama Maalumu ya Katiba ya kuamua ugomvi wa tafsiri kati ya serikali hizo mbili. Nusu ya wajumbe wake huteuliwa na Serikali ya Muungano, nusu na Serikali ya Zanzibar, na uamuzi unahitaji theluthi mbili ya kila nusu. Upande wa visiwani, Katiba ya Zanzibar ya 1984 inasema sheria ya Bunge haitumiki huko mpaka ihusu jambo la Muungano na ipelekwe mbele ya Baraza la Wawakilishi.

Fundi yeyote angesema mlango huo ni imara.

Kila kufuli lilipoguswa

Mtihani wa kwanza ulikuja Januari 1984. Rais wa Zanzibar, Aboud Jumbe, alikuwa anaandaa shauri kuhusu muundo wa Muungano, akitaka lifike katika ile Mahakama Maalumu. Shauri halikufika. Halmashauri Kuu ya Taifa ya chama tawala, CCM, ilikutana Dodoma, na kabla mwezi haujaisha Jumbe alikuwa amejiuzulu urais wa Zanzibar, umakamu wa Rais wa Muungano na umakamu mwenyekiti wa chama. Tukio hilo lilipewa jina la upole, kuchafuka kwa hali ya hewa. Tazama kilichotokea: hakuna ibara iliyovunjwa, wala hakuna kura ya theluthi mbili iliyopigwa. Mwenye ufunguo wa Zanzibar aliitwa na chama akaukabidhi. Mahakama Maalumu haijawahi kukaa hata siku moja hadi leo.

Mtihani wa pili ulitoka bara. Zanzibar ilikuwa imejiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC, mwishoni mwa 1992, ikajitoa mwaka uliofuata. Wabunge waliokuja kuitwa G55 wakaona kama mdogo anafanya anavyotaka, basi na mkubwa apewe serikali yake. Agosti 1993 Bunge lilikubali hoja ya kuundwa kwa Serikali ya Tanganyika. Walikuwa wengi, walikuwa na hoja, na walikuwa na azimio. Nyerere, akiwa nje ya madaraka, aliwapinga kwa maneno makali na kwa kitabu kizima, *Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania*, na mwaka 1994 chama kikaigeuza hoja. Safari hii aliyenyang'anywa ufunguo alikuwa mkubwa.

Mtihani wa tatu ulikuwa wa wazi kuliko yote. Tume ya Jaji Joseph Warioba ilikusanya maoni kuhusu Katiba mpya kuanzia 2012, na rasimu yake ya pili ya Desemba 2013 ilipendekeza serikali tatu: ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar. Bunge Maalumu la Katiba lilianza Dodoma Februari 2014. Wengi humo walikuwa wa chama tawala, chenye sera ya serikali mbili, na moyo wa rasimu ukatolewa. Tarehe 16 Aprili wajumbe wa UKAWA, umoja wa wapinzani, walitoka nje. Kwa kanuni ya kura za walio wengi wangeweza kupuuzwa. Hawakupuuzika kirahisi kwa sababu moja: sheria ilidai theluthi mbili ya kila upande, na kwa Zanzibar kutoka kwao kulifanya kila kichwa kilichobaki kiwe cha thamani. Zikakubaliwa kura za wajumbe waliokuwa nje ya ukumbi, hata waliokuwa Hija. Tarehe 2 Oktoba 2014 Katiba Inayopendekezwa ilitangazwa kupita. Upande wa Zanzibar ilivuka mstari kwa idadi ndogo sana, na wapinzani waliihoji hesabu hiyo.

Katika kura zile Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, Othman Masoud Othman, alikataa baadhi ya ibara hadharani. Siku chache baadaye aliondolewa katika wadhifa wake. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 haikufanyika.

Mitihani mitatu, funzo moja. Kufuli la Zanzibar lilifanya kazi pale tu ambapo sehemu ya funguo ilikuwa mikononi mwa watu wasiowajibika kwa yuleyule aliyeshika upande wa pili. Mwaka 1984 hapakuwa na watu hao. Mwaka 2014 walikuwapo, na karibu wafaulu.

Jiji lisilo na kufuli lolote

Turudi Dar es Salaam. Mji huu ulipewa hadhi ya jiji Desemba 1961, na meya wake wa kwanza Mwafrika alikuwa Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi. Kama ungedhani hadhi hiyo ni mali ya wakazi, historia inakusahihisha. Mwaka 1972 serikali kuu ilizifuta serikali za mitaa kwa sera iliyoitwa, kwa kejeli isiyokusudiwa, Madaraka Mikoani: madaraka yalikwenda mikoani yakiwa mikononi mwa maofisa kutoka juu. Sheria za 1982 zilizirudisha. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa, ikaendeshwa na Tume ya Jiji hadi 2000, zilipoundwa manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke. Baadaye zikazaliwa Ubungo na Kigamboni. Tarehe 24 Februari 2021 Rais John Magufuli alivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam na kuipandisha Ilala kuwa jiji.

Huenda kila uamuzi ulikuwa na sababu nzuri. Halmashauri ya miaka ya 1990 ilisifika kwa takataka, na wengi waliikumbuka Tume kwa usafi. Halmashauri iliyovunjwa 2021 ilikaa juu ya manispaa tano bila eneo lake yenyewe, na wananchi walilipia vikao viwili vya kazi moja. Lakini hapa sitafuti kama uamuzi ulikuwa mzuri. Natafuta aliyeweza kusema hapana, na sioni mtu. Ibara ya 145 na 146 za Katiba zinasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi, kisha zinaacha muundo na kazi zake kwa sheria ya kawaida. Kilichotolewa kwa sheria ya kawaida kinachukuliwa kwa sheria ya kawaida.

Fedha zimefuata njia hiyohiyo. Kodi ya majengo, ambayo kwa jiji lenye maghorofa ya Kariakoo na Upanga ni chemchemi, ilihamishwa kutoka halmashauri kwenda Mamlaka ya Mapato, na mwaka 2021 ikaingizwa kwenye ununuzi wa umeme wa LUKU. Soko lenyewe la Kariakoo, lile jengo la mwavuli wa zege lililosanifiwa na Beda Amuli na kuunguzwa na moto Julai 2021, linaendeshwa na shirika lililoundwa kwa sheria ya Bunge ya 1974.

Kwa hiyo tofauti kati ya Zanzibar na Dar es Salaam haitokani na wingi wa watu wala ukubwa wa uchumi. Inatokana na namna kila mmoja alivyoingia mlangoni. Zanzibar iliingia kama mwenye mkataba, na Dar es Salaam ni mpangaji.

Mtu mmoja mbele ya wengi

Kuna mwingine mdogo kuliko visiwa na jiji: mtu peke yake. Katika eneo hili la katikati ya mji amewahi kulindwa vizuri na kuachwa vibaya.

Oktoba 1961, bungeni Karimjee, baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika tu. Hapana shaka hoja ile ilikuwa na mashabiki wengi. Nyerere, akiwa Waziri Mkuu, aliukataa uraia wa rangi na akaweka wadhifa wake rehani. Wachache wakapona. Aprili 1971 sheria ya kutwaa majengo ilichukua nyumba zenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, na mitaa ya Kisutu na Upanga ikajaa nyumba za Msajili wa Majumba wa serikali. Sheria haikutaja rangi, na hoja yake ya kuzuia unyonyaji wa kodi za pango ilikuwa na uzito kwa wapangaji. Lakini wenye nyumba wengi walikuwa raia wa asili ya Asia, na hapakuwa na hati ya haki ndani ya Katiba ambayo mmoja wao angeishika mahakamani. Wachache walewale, mji uleule: mara ya kwanza waliokolewa na uamuzi wa kiongozi, mara ya pili kiongozi huyohuyo aliamua vingine.

Mwaka 1991 Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliuliza wananchi kuhusu mfumo wa vyama. Takriban watu 80 kati ya kila 100 waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi, na tarehe 1 Julai 1992 vikaruhusiwa. Wapo wanaosema wengi walidharauliwa. Mimi naona Tume ilipambanua maswali mawili yanayochanganywa. Wale 80 walikuwa na haki ya kubaki katika chama chao, lakini hawakuwa na haki ya kuwazuia wale 20 kuanzisha kingine. Doa ni moja: aliyeamua kwamba wachache wapewe nafasi alikuwa chama kilekile kilichotawala. Wachache walishinda kwa hisani.

Hisani ina kikomo, na Mchungaji Christopher Mtikila alikigonga. Alifungua shauri 1993 akidai mtu agombee uongozi bila chama. Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira alimpa ushindi. Desemba ya mwaka huohuo Bunge lilibadilisha Katiba kuufuta ushindi huo. Mtikila akarudi, akashinda tena Mahakama Kuu Mei 2006, na serikali ikakata rufaa. Juni 2010 Mahakama ya Rufani ilisema suala hilo ni la kisiasa, la kuamuliwa na Bunge. Akaenda Mahakama ya Afrika, Arusha, nayo tarehe 14 Juni 2013 ikasema haki yake imevunjwa. Alifariki Oktoba 2015, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu, bila mgombea binafsi kuruhusiwa.

Watu wengi hulihesabu shauri hilo kama ugomvi wa mtu mmoja mkaidi. Kwa maoni yangu ndilo linaloeleza habari yote ya Muungano. Kwa Katiba yetu mbunge lazima adhaminiwe na chama, na akikoma kuwa mwanachama anapoteza kiti. Si la chama kimoja: Julai 2017 wabunge wanane wa viti maalumu wa CUF walipoteza ubunge baada ya chama chao kuwafukuza. Sasa irudie Ibara ya 98. Theluthi mbili ya bara na theluthi mbili ya Zanzibar ni makufuli mawili kweli, lakini kila mbunge wa pande zote mbili anakaa kitini kwa ridhaa ya chama, na chama kikubwa ni kimoja bara na visiwani. Katazo la mgombea binafsi ndiyo pete inayozikusanya funguo pamoja.

Wachache ndani ya wachache

Asije mtu akadhani kufuli la Zanzibar linamlinda kila Mzanzibari. Mwaka 1995 mgombea wa CCM, Salmin Amour, alitangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Seif Sharif Hamad wa CUF, matokeo ambayo CUF iliyakataa. Kwa tofauti hiyo ya uzi, mmoja alichukua serikali nzima na mwingine hakupata kitu, na Pemba ikabaki nje ya mlango. Januari 2001 makumi ya watu waliuawa katika maandamano. Kupigia kelele mamlaka ya Zanzibar mbele ya Dodoma huku nusu ya Wazanzibari ikiwa haina sauti ni kosa la Calhoun katika mavazi ya kanzu.

Wazanzibari wenyewe walilitibu kwa njia inayostahili kusomwa. Kura ya maoni ya 31 Julai 2010 ilikubali serikali ya umoja wa kitaifa kwa zaidi ya asilimia 66, na Katiba ikampa Umakamu wa Kwanza wa Rais mtu kutoka chama cha pili kilichofikisha asilimia 10 ya kura. Hapa wengi walipiga kura kujiwekea mpaka wenyewe. Mpango huo umeyumba, ukavunjika baada ya uchaguzi wa marudio wa 2016, ukarejea Desemba 2020. Aliyeishika nafasi hiyo kuanzia 2021 alikuwa Othman Masoud Othman, yuleyule aliyeondolewa kwa kura yake ya 2014, safari hii akitokea chama cha ACT-Wazalendo.

Majirani waliotutangulia

Kenya iliandika majimbo katika Katiba ya 1963 kwa shinikizo la KADU, chama cha makabila madogo. Novemba 1964 KADU ilijivunja na kuingia KANU, na Jamhuri ilipotangazwa Desemba majimbo yalikuwa yamekwisha nguvu. Mshika funguo alihamia upande wa pili nazo. Uganda, Katiba ya 1962 iliipa Buganda hadhi ya shirikisho. Buganda ilikuwa na kufuli, jeshi lilikuwa la serikali kuu, na Mei 1966 ikulu ya Mengo ilishambuliwa na Kabaka Mutesa akakimbilia uhamishoni.

Kenya ilijifunza. Katiba ya 2010 iliunda kaunti 47, ikaziwekea kiwango cha chini cha asilimia 15 ya mapato ya taifa, na ikataka kura ya maoni kabla ya kugusa ugatuzi. Mpango wa BBI wa kubadili Katiba hiyo, pamoja na kuungwa mkono na saini zaidi ya milioni na mabunge mengi ya kaunti, ulizuiwa na mahakama hadi Mahakama ya Juu Machi 2022. Ziko kaunti zenye wizi na uzembe wa kutosha. Lakini hakuna kiongozi wa Nairobi anayeweza kuamka akafuta kaunti ya Mombasa kabla ya chakula cha mchana.

Nani ashike nini

Kwetu mabadiliko matatu yangezigawa funguo. Mbunge anayepiga kura katika mambo ya makufuli mawili asipoteze kiti kwa kura hiyo, na mgombea binafsi aruhusiwe. Mahakama Maalumu ya Katiba iwe chombo cha kudumu chenye majaji na masjala. Na mamlaka ya mji yasivunjwe bila ridhaa ya wakazi wake kwa kura. Hakuna hata moja kati ya hayo linalowanyima wengi haki ya kutawala. Yanawataka waombe wanapotaka kuingia chumba kisicho chao.

Kuna pingamizi la haki: funguo zikiwa nyingi mno, nyumba haifunguki na kazi haiendi. Ni kweli, na ndiyo maana makufuli yawe machache, yawe ya mambo mazito, na wengi wahesabiwe kwa uaminifu kwanza. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019, ambao vyama vikubwa vya upinzani viliususia na CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya viti, unakumbusha kwamba kabla ya kuuliza wengi waishie wapi, sharti tuwe na uhakika kwamba ni wengi kweli.

Wasio na kufuli kwenye Katiba hutafuta la kwao. Tarehe 15 Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo hawakufungua maduka. Walilalamikia kamatakamata ya kikosi kazi cha kodi na amri ya kusajili stoo. Hawakuwa na baraza la jiji la kuwasemea wala ibara ya kuishika. Walikuwa na vyuma vya madirisha na makufuli ya kawaida yanayouzwa mtaani hapohapo, na mapato ya serikali yakahisi. Siku ya tatu Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuwa Mnazi Mmoja akiwasikiliza. Juni 2024 wakafunga tena.

Kariakoo yote ilikuwa kimya, na kila mwenye duka alikuwa ameondoka nyumbani na ufunguo wake mfukoni.